Bi Mkubwa Hauzwi

Mtu wa kawaida akimwona bibi wa miaka sabini ameinama gatini, anapima mlango wa boti isiyo yake kwa tepu ya cherehani, atampisha ashughulike na mambo yake. Garland Tibbs hakuwa mtu wa kawaida. Aliketi kwenye ngazi za duka la chambo pale Ziwa Skarsvold, akaacha soda yake ipate joto, akaitazama ile tepu ikienda na kurudi, na moyo ukaanza kumdunda kwa furaha. Boti iliyokuwa ikipimwa ilikuwa yake.

"Inchi thelathini na mbili, mama," alisema alipomfikia, kwa sauti aliyoilainisha kwa miaka ishirini ya kazi. "Nilipima mwenyewe."

Bibi yule akainuka, uso umemwiva kwa haya. "Samahani sana, bwana. Sikutaka kugusa mali ya mtu. Nilikuwa napita tu."

"Na tepu?"

"Tepu natembea nayo."

Jina lake lilikuwa LaVonne Haugerud, na baada ya dakika tatu za kuombana radhi, habari yote ikatoka. Mama yake, Bi Borghild, alikuwa na miaka tisini na mmoja na kiti cha magurudumu. Miaka tisa hajatia mguu majini, kwa sababu boti yao ya zamani mlango wake ulikuwa mwembamba. Sasa sikukuu ya uhuru ya Julai Nne inakuja, wajukuu sita wanakuja, na bibi kizee ametangaza kwamba mwaka huu anazitazama fataki akiwa katikati ya ziwa. Mwaka wa kesho hajaahidi kuwepo.

Garland akaweka kofia kifuani. "Mama, Mungu ana mipango yake. Mimi ninauza boti mbili."

Boti zenyewe zilikuwa za maboya, kama zilivyo nusu ya boti za Minnesota: sakafu bapa iliyolazwa juu ya maboya mawili marefu ya aluminiamu, na juu ya sakafu makochi, meza, usukani na kivuli cha turubai. Kwa ufupi, ni sebule iliyochoka kukaa nchi kavu. Haina mbio wala makuu. Mtu hainunui ili atambe; anainunua ili wajukuu, mbwa, shemeji na chakula viingie kwa mkupuo mmoja, asibaki wa kununa nyumbani.

Hapa inafaa tumtendee haki Garland, maana utapeli wake ulikuwa na usafi fulani. Boti zake mbili zilikuwa pacha: urefu futi ishirini na mbili, kiwanda kimoja, mwaka mmoja, injini sawa. Moja ilikuwa na makochi mekundu na nyingine ya bluu. Ile nyekundu ilikuwa boti kweli kweli, haivuji tone, na sisi tutaiita Bi Mkubwa. Ile ya bluu, Bi Mdogo, aliinunua kwa dola mia nne kutoka kwa mtu aliyefurahi kuiona ikiondoka. Maboya yake yalikuwa yametoboka mahali kumi na saba, na kilichoyashikilia ni gundi, rangi ya fedha na maombi.

Falsafa yake ilikuwa hii: ukimpa mteja boti moja, umempa nafasi ya kukataa, ukimpa mbili, umempa kazi ya kuchagua, na mtu aliyeshughulika kuchagua husahau kukataa. Bi Mkubwa huelea gatini na kufanyiwa majaribio. Bi Mdogo hukaa nchi kavu juu ya tela, kafunikwa turubai nusu, na bei yake huzidi kwa dola elfu moja, ili Bi Mkubwa aonekane wa bure. Mteja akishamchagua Bi Mkubwa, Garland huomba siku moja "ya kuisafisha." Siku hiyo makochi hubadilishana, vibandiko vya namba hubadilishana, na kinachofika kwa mteja ni Bi Mdogo ndani ya nguo za mke mwenzake. Kwa njia hiyo Bi Mkubwa alikuwa ameuzwa mara kumi na moja katika majimbo matano, na hajawahi kulala nje.

Usidhani ilikuwa mali tu. Ndani yake Garland alikula na kulala, na asubuhi alimfuta umande kwa fulana yake mwenyewe. Alikuwa na wake wawili wa kweli huko nyuma, na wote walisema hawajapata kufutwa hivyo. Boti yoyote duniani angekuuzia, yake na isiyo yake. Bi Mkubwa hauzwi.

Kesho yake LaVonne alirudi na jeshi lake. Mumewe, Verlyn, alikuwa mzee mrefu aliyeendesha lori la maziwa miaka arobaini, na hakuona sababu ya kutumia neno mahali ambapo kutikisa kichwa kunatosha. Bi Borghild alikuja katika kiti chake, kajifunga mtandio wa sufu katika joto la Juni, macho makali. Kiti kilipita mlangoni na nafasi ya kidole ikabaki kila upande. LaVonne aligeuka upande, akajifanya anatazama bata. Alikuwa analia.

Walizunguka ziwa. Wakauliza maswali ya familia: ngazi ya kuogelea iko mbele au nyuma, meza inakunjwa, kochi linabeba watoto wangapi wenye maji, mbwa akitapika panasafishwaje.

"Kochi unafungua vibano vinne tu, mama, linatoka lote," alisema Garland, akaonyesha kwa madaha. "Hata mtoto anaweza. Na boti hii, mzee wangu, hata ukiibembeleza izame, haizami. Ina ukaidi wa nyumbu. Elfu kumi na nne, na ile ya bluu kumi na tano. Mnaionaje?"

Verlyn alitazama maji kwa muda. "Si mbaya," alisema.

"Inaweza ikafaa," alisema LaVonne.

Kwao Garland, huko Arkansas, mtu akipenda kitu hupiga ukelele, hukikumbatia na humwita jirani aje akione. Angejua kwamba Verlyn alitumia maneno hayo hayo mawili siku alipomwona LaVonne katika gauni la harusi, biashara ingeishia hapo hapo kwa elfu kumi na nne. Yeye aliona baridi, akaogopa samaki asije akachomoka.

"Kumi na mbili, kwa ajili ya bibi."

Wazee wakatazamana.

"Kumi na moja. Na makoti ya kuelea, kumi, bure."

"Hapana, bwana Tibbs, usijiumize," alisema LaVonne, naye alimaanisha kila neno.

Katika miaka ishirini ya kazi Garland hajawahi kusikia mteja akimwonea huruma. Akadhani amekutana na mabingwa, na damu ya ushindani ikamchemka. Na ya nini kubana? Kwa takataka ya mia nne hata elfu moja ni karamu. "Tisa," alisema. "Na nanga. Na kamba zake."

Verlyn akatikisa kichwa, juu na chini.

"Mtu huyu anaongea sana," alisema Bi Borghild kwa sauti ya kiziwi, inayosikika mpaka ng'ambo.

"Mama," alisema LaVonne.

"Si kweli?"

Garland akacheka kuliko wote, akampa Verlyn mkono, akaanza kisa kirefu cha mjomba wake na mamba. Kwa kuwa alikuwa anajisikiliza, hakuona LaVonne anatoa mkobani gundi-karatasi, ule utepe wa kubandika, na kalamu ya wino mzito, anaandika neno moja, anafungua kisanduku kidogo chini ya usukani na kubandika ndani, juu kabisa, pasipoonekana. Wala haikuwa shaka. Wanawake wa pale wamezaliwa nayo. Mkutano wa kanisa ukiwa na trei arobaini za viazi na nyama ya kusaga, zote za bati, zote za ukubwa mmoja, asiyebandika jina lake chini hurudi nyumbani na trei ya mtu mwingine, na uchungu huo mtu huenda nao kaburini. Kitu ulichokichagua na kina pacha wake, unakibandika jina. LaVonne hata hakufikiri.

Jumamosi saa nane mchana Garland alifika kwa akina Haugerud na tela lake. Bi Mdogo aling'aa katika makochi mekundu, Bi Mkubwa kaachwa gatini kwenye duka la chambo, kavishwa ya bluu. Walimshusha Bi Mdogo kwenye mtambo wa kuinulia boti kando ya gati la nyumbani, akaning'inia juu ya maji, mkavu na mtulivu.

"Asiguswe mpaka sikukuu," Garland alionya. "Nimempaka chini dawa ya kuzuia mwani. Inataka siku tatu ikauke."

Bi Borghild alikuwa barazani, koti la kuelea tayari mwilini, siku tatu kabla. Garland alimwona. Akajiambia kwamba boti za namna hii huzama polepole, kistaarabu, na kwamba hajasikia aliyekufa. Ni kweli hajasikia. Hajawahi kukaa mahali asikie.

LaVonne alipanda na ufagio wake. Akafagia pasipo na vumbi. Akafungua kisanduku chini ya usukani, akapapasa juu, akapapasa tena. Akakifunga. Alisimama hapo kitambo, mikono juu ya ufagio.

"Hm," alisema. "Hii ni tofauti."

"Nimeisafisha, mama."

"Naona."

Angeweza kumwambia: wewe ni mwizi. Maneno ni mepesi na alikuwa nayo kinywani. Lakini watu wa Ziwa Skarsvold hawamwambii mtu jambo kama hilo usoni, tena mgeni, tena kabla ya kahawa. Wangeona heri kuiba kuliko kukosa adabu. LaVonne alishuka, akamtazama mama yake na lile koti la kuelea.

"Verlyn," alisema polepole, "labda umpigie Delmer. Mwambie kahawa iko tayari."

Delmer alikuwa mdogo wake LaVonne, anayekaa ng'ambo ya ghuba, mtu mwenye boti yenye nguvu ya kuvuta nyingine na asiye na maswali. Verlyn alimtazama mkewe, akaelewa, akaitikia kwa kichwa. Kisha akampa Garland bahasha, Garland akampa hati ya mauzo, wakashikana mikono. Kwa Garland kazi ilikuwa imekwisha. Akageukia gari.

"Utakunywa kahawa?" aliuliza LaVonne.

"Nitakunywa, mama, asante."

Pale adabu ni kukataa mara mbili na kukubali ya tatu, kwa hiyo palitokea kimya kidogo cha aibu. Kahawa ikamiminwa, nyepesi kiasi kwamba ua lililochorwa chini ya kikombe lilionekana majani yote. Ikafuata keki ya limau. Ikafuata nyingine. Verlyn hakuonekana mezani.

"Mzee yuko wapi?"

"Ameenda kuangalia kitu na Delmer."

Baada ya nusu saa LaVonne alijipiga mapajani kwa viganja viwili. "Haya basi," alisema. Garland akashukuru Mungu, akasimama. Maskini wa watu. Hakujua kwamba ile "haya basi" ndiyo mwanzo wa kuagana, na kuagana kuna vituo kama reli. Kituo cha kwanza mezani, wamesimama: habari za mvua. Cha pili mlangoni: nyonga ya mchungaji, iliyobadilishwa, na nyonga nyingine inayosubiri. Cha tatu barazani, ambapo Bi Borghild alimshika mkono na hakuuachia.

"Una mama?" aliuliza kwa nguvu.

"Alifariki, bibi."

"Anajua unachofanya?"

"Mama," alisema LaVonne. "Bwana Tibbs, umeshaona picha za wajukuu?"

Hakuwa ameziona. Walikuwa sita, na kila mmoja alikuwa na picha za ubatizo wake. Kutoka ziwani ulisikika mngurumo wa injini, ukaenda, ukafifia, baadaye ukarudi. Garland alitaka kugeuka atazame, lakini Bi Borghild bado alikuwa na mkono wake, na kwa bibi wa miaka tisini na mmoja alikuwa na kiganja cha fundi bomba.

Kituo cha nne kilikuwa garini, cha tano dirishani mwa gari, injini inaunguruma. Hapo LaVonne alikumbuka kwamba hajamfungia keki ya njiani, akarudi ndani, akatoka na trei ya bati iliyofunikwa. "Trei utairudisha siku yoyote, hakuna haraka," alisema. "Na jihadhari na paa wanaokatiza barabara."

Ndipo Verlyn alipotokea nyuma ya nyumba, kalowa mpaka kiunoni.

"Umelowa, mzee wangu," alisema Garland.

"Ziwa lina maji," alisema Verlyn.

Saa mbili na robo baada ya kupewa bahasha, Garland alifika kwenye duka la chambo. Bi Mkubwa alikuwa pale pale, kamba ile ile, makochi ya bluu. Alimpakia kwenye tela kwa pupa, bila hata kumfuta. Gari lilipopanda mlima liliguna kuliko kawaida, na Garland akalaumu keki ya limau. Njia nzima hadi Wisconsin aliimba. Watu wema wale, aliwaza. Wamepigwa changa la macho na bado wamenifungia chakula.

Jumatatu mchana alikuwa ziwa jingine, na mambo yamepangwa. Asubuhi alishanunua Bi Mdogo mpya, wa makochi ya kijani, dola mia nne, akamlaza ufukweni na turubai nusu. Wateja walikuwa Daktari Kowalczyk, daktari wa meno mwenye sauti ndogo, mkewe Joyce, na mabinti watatu waliokwisha kuanza kugombea nani akae wapi. Garland akawapeleka katikati ya ghuba, akazima injini ili ukimya umsaidie.

"Daktari," alisema, mkono juu ya usukani, "boti hii hata ukiibembeleza izame, haizami. Ina ukaidi wa..."

"Bwana Tibbs," alisema Joyce kwa upole, "ni kawaida viatu kulowa?"

Garland akatazama chini. Maji yalikuwa yanapanda sakafuni bila haraka, kama mgeni anayejua nyumba. Upande wa kushoto ulikuwa umeinama. Mabinti walipandisha miguu kwenye kochi. Alicheka, akasema ni mawimbi, akapiga magoti kutafuta pampu ya mkono katika kisanduku chini ya usukani. Pampu haikuwemo. Mkono ukagusa karatasi iliyobandikwa juu. Akainama mpaka shavu likagusa maji, akasoma.

Ilikuwa gundi-karatasi mpya, mwandiko mzuri kama wa mwalimu wa watoto wa kanisani, wino mzito: TIBBS.

Akabaki amepiga magoti. Yote yakamjia kwa mpangilio: mngurumo ziwani, mara mbili, suruali ya Verlyn, vibano vinne ambavyo hata mtoto anaweza, nyonga ya mchungaji. Wazee wawili walikuwa wamevuta boti moja kwenda na nyingine kurudi, wakabadilisha makochi na vibandiko vya namba mchana kweupe, na bila shaka mwenye duka la chambo aliwashikia kamba. Walikuwa hawajaiba kitu. Walimrudishia mali yake na jina wakamwandikia, isipotee.

Angeenda kumlalamikia nani? Hati aliyosaini kwa mkono wake ilikuwa ya Bi Mkubwa, namba na yote. Hiyo ndiyo aliyokuwa akitoa siku zote, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa halali. Bi Mkubwa alikuwa ameuzwa kweli. Boti ya elfu ishirini, kwa elfu tisa, pamoja na nanga, kamba na makoti kumi. Na jambo lililomkata maini zaidi, hata machozi yakamtoka mbele ya wateja, ni kwamba katika maisha yake yote hiyo ilikuwa biashara yake ya kwanza ya haki.

Kesho ndiyo ilikuwa Julai Nne. Kiti cha magurudumu kingepita mlangoni, nafasi ya kidole kila upande. Nani sasa atamfuta umande?

Maji yalifika magotini. Trei ya bati iliponyoka chini ya kochi, ikaelea taratibu mbele yake na vipande viwili vya keki ndani, kitu pekee katika boti ile kilichojua kazi yake. Walisimama wote, sita, wameshikilia nguzo za kivuli. Kwa bahati kina cha pale kilikuwa kifuani tu, na mabinti walikuwa wanafurahi kuliko siku yoyote ya likizo.

Daktari Kowalczyk alikohoa. Alikuwa mtu mwenye adabu, na hakutaka kumvunja moyo mfanyabiashara aliyekuwa analia. Akatazama ufukweni, kule kwenye makochi ya kijani na turubai nusu.

"Si mbaya hii," alisema. "Ila labda tuijaribu na ile nyingine?"